Moshi Kwenye Redio ya Ukweni

Jamani, kuna aibu ambayo hata uhame mkoa inakufuata, na yangu niliipatia kijijini Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, ukweni, mbele ya watu waliojaa uani mpaka wengine wakakalia kinu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa ambapo kupata betri za redio ilikuwa shughuli kama kupata sukari.

Nilikwenda kumwona mchumba wangu Neema na Land Rover ya ushirika niliyokuwa naendesha (ndiyo, nilitaka nionekane). Nikamkuta mama yake kahangaika. Mwanawe Yohana, aliyekuwa Dar na hajaonekana nyumbani muda mrefu, alimtuma dereva wa lori aseme kwamba salamu zake zitasomwa redioni mchana ule. Mama alikuwa amevusha maharage hadi Nakonde, upande wa Zambia, akayauza, akarudi na betri mpya kabisa, akazitia, na redio yao kubwa ya zamani ikakaa kimya kama jiwe.

"Tumsubiri shangazi Esta atoke kanisani," Neema akasema.

Shangazi huyo alikuwa mjane aliyerudi kutoka Kitwe, hukohuko Zambia, ambako marehemu mumewe alikuwa fundi redio na ndiye aliyemfundisha kazi, kwa hiyo redio zote za pale zilipita mikononi mwake.

Ningenyamaza tu! Lakini mdomo wangu ukasema, "Ya nini kumsubiri? Hizo betri za Nakonde ndizo mbovu, niachieni mimi," nikaenda kufungua betri ya gari, nikaibeba kifuani kama mtoto (tindikali ikinitoboa shati), nikavuta nyaya, ule wa hasi nikaubana kwenye bati la ndani ya redio kama tulivyozoea kwenye gari, na ule mwingine nikaugusisha upande wa pili huku namkonyeza Neema.

Pa! Moshi ukatoka, kuku wakatawanyika, mzee mmoja akapiga kelele, "Ameiua!" na uani pote wakaangua kicheko, isipokuwa mama, ambaye alikaa chini taratibu akafunika uso kwa kitenge. Hapo ndipo nilipotamani kuvuka mpaka kwa miguu.

Shangazi akaingia na Biblia yake kwapani, akanusa.

"Nani kagusa?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Basi kaa hapa, baba, unishikie," akaniambia, bila hata kunikunjia uso.

Mikono ile! Hakuchokonoa ovyo. "Redio ikinyamaza," akasema, "unaufuata umeme toka unakoanzia, mpaka uone ulipokatikia." Akaanzia kwenye kisanduku cha betri, akanionyesha springi iliyoota kutu ya kijani, mabaki ya betri za zamani zilizovuja. "Betri za mama nzima. Umeme ulikuwa hautoki hata mlangoni." Akaikwangua kwa kisu ikang'aa. Kisha akagusa kapasita, kikopo kidogo cha kutunza umeme, iliyopasuka. "Na hapa ndipo ulipopita wewe. Redio hizi za zamani, bati lake ni chanya. Umeilisha umeme kinyume."

Akachomoa kapasita nyingine kwenye redio yake moja iliyokufa zamani, akaweka chuma cha kulehemu kwenye makaa ya jiko, na watu waliokuwa wakinicheka wakawa wanamtazama yeye wametulia, hata mimi nikasahau aibu yangu kwa kuutazama ule ustadi.

Akarudisha betri za mama. Redio ikakoroma, ikasema! Msomaji alikuwa katikati ya salamu, na mara tukasikia jina la Yohana wa Dar es Salaam, anamsalimu mama yake mpendwa, shangazi Esta, dada yake Neema, "na shemeji yake mtarajiwa, dereva hodari."

Uani pote wakageuka kunitazama, masizi usoni, shati matundu. Mama akaondoa kitenge usoni, akacheka mpaka akashika mbavu, na shangazi akanipigia makofi peke yake.

Neema nilimwoa, lakini tangu siku ile redio ikinyamaza nyumbani mimi nakunja mikono na kuuliza shangazi yuko wapi.