Maji ya Samaki wa Binti Yangu

Saa sita usiku taa ya Fundi ilikuwa bado inawaka. Niliiona kwenye upenyo wa chini ya mlango wake, maana mlango wangu unatazamana na wake, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, masikio yamesimama, nangoja kusikia kama samaki wa binti yangu amekufa au amepona.

Niseme ukweli wangu: kuna upande wa moyo wangu uliotaka afe.

Fundi ni mwanamke mshonaji. Alihamia hapa miaka sita iliyopita, mjane, na cherehani moja na mabegi mawili. Ni mtu wa vipimo. Hakati kitambaa mpaka apime mara tatu, na hata chumvi ya mboga huipima kwa kijiko kilekile. Nusu ya watoto wa jengo letu huenda shule wamevaa kazi ya mkono wake.

Binti yangu alipokwenda kusomea uuguzi, miaka miwili sasa, aliacha samaki wawili wa dhahabu kwenye tangi la kioo. Nilikuwa nimekwisha kuwapangia mahali, karibu na dirisha wapate jua. Yeye akalibeba tangi moja kwa moja mpaka kwa Fundi.

"Mama, usinielewe vibaya," akasema. "Wewe una huruma nyingi mno. Utawaua."

Huruma! Nilimlea kwa huruma hiyohiyo na hakufa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba humwita Fundi "mama mdogo". Mimi sina mdogo wa kike. Kila Jumapili humpigia yeye simu dakika ishirini. Mimi napata tano, na katika hizo tano ananiuliza samaki wanaendeleaje, kana kwamba mimi ni mlinzi wa geti.

Basi nikawa naenda kuchungulia, najidai naazima sindano. Tangi lilikaa pembeni, mbali na dirisha na mbali na meza ya kupigia pasi. Usiku Fundi alilizungushia blanketi kuukuu. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji yaliyolala humohumo chumbani, ili maji mapya yasipishane joto na yale ya zamani. Kipimajoto kilibandikwa kwenye kioo, na kila asubuhi aliandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo: kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane.

"Hawa ndio wateja wangu bora," aliniambia. "Hawajawahi kuniuliza nguo itakuwa tayari lini."

Nikacheka naye, huku roho inaniuma.

Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na mvua na baridi kali. Fundi alikuwa anapeleka sare shuleni, akaniachia ufunguo.

"Dada, fundi umeme akija kutazama swichi, mfungulie."

Fundi umeme hakuja. Nikaingia mwenyewe. Chaki ilisema kumi na saba, na samaki walikuwa wametulia chini, hawachezi. Nikasema moyoni, ndiyo hayo, mama mdogo anagandisha samaki wa watu. Nikachemsha maji, nikachanganya, nikatia kiwiko kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Nikachota ya tangini, nikamimina yangu. Kipimajoto kikapanda mpaka ishirini na tano. Samaki wakaanza kukimbia huku na huku, nami nikadhani ni furaha. Nilijiona kabisa namwambia binti yangu Jumapili: ni mimi niliyewaokoa.

Mchana Fundi akagonga kwangu, hata viatu hajavua. Nikamfuata mpaka kwake. Samaki mmoja alikuwa juu ya maji, amelala ubavu, mdomo wazi.

"Ni ile pasi," akasema. "Nilikuwa na haraka asubuhi, nikaiweka kwenye kiti karibu na tangi. Tazama, digrii ishirini na nne!"

"Tutie maji baridi upesi!"

"Hapana, dada! Kupandishwa ghafla ndiko kulikomuumiza. Tukimshusha ghafla tunammalizia."

Akachota kikombe kimoja kwenye ndoo, akamimina, akatazama saa. Kila robo saa, kikombe kimoja.

"Kukicha nitampigia mtoto," akasema, macho mekundu. "Nitamwambia ni uzembe wangu. Hataniamini tena."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Pole, mdogo wangu," nikaenda zangu.

Na sasa nilikuwa hapa kwenye kigoda, na kila nilichokitaka kilikuwa kinakuja chenyewe. Tangi lingehamia kwangu. Dakika ishirini zingehamia kwangu. Ningenyamaza tu mpaka asubuhi.

Nikasikia kikombe kikigonga ndoo. Baada ya robo saa, kikombe tena. Mwanamke aliyeamka alfajiri kumalizia vifungo alikuwa anakesha kwa kosa langu, kwa ajili ya mwanangu. Nikamwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu mimi nisingeweza kukaa hivyo. Ningekuwa nimekwisha kumimina ndoo nzima.

Nikavuka ukumbi, miguu mitupu. Mkono ulikataa kugonga.

"Fundi," nikauambia mlango. "Si pasi. Ni mimi niliyetia maji ya moto. Kukicha nitampigia mimi, nimwambie mwenyewe."

Nilisimama pale muda wa kikombe kizima, sakafu inanichoma kwa baridi.

Kisha kiti kikasogezwa, komeo likavutwa, na mlango ukafunguka.