Kukohoa Mbele ya Mke

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya kifua hapa Tabora, nikisubiri majibu yangu. Mbele yangu alikaa mzee mkulima kutoka Ulyankulu, ambaye kwa miaka mingi alichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na sasa mapafu yake yamechoka. Mkewe alikaa kando yake.

Muuguzi alimfundisha kupumua. "Babu, vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole kama unapuliza chai ya moto." Mzee aliweza. "Sasa fungua mdomo, sukuma pumzi, haaa, kama unatia mvuke kwenye kioo. Makohozi yatapanda, uyateme humu." Akampa kikopo chenye kifuniko.

Mzee akafunga mdomo. "Mjukuu wangu, mwambie kwanza bibi yako," pumzi ikamkatika, akavuta nyingine, "atoke nje."

Bibi hakuinuka. Alimwekea mkono mgongoni, akasema taratibu, "Kila siku unakwenda kukohoa nyuma ya nyumba ukidhani sisikii. Mimi husimama mlangoni mpaka umalize. Leo kohoa hapa, nami nikae."

Mzee akafungua kikopo. Kisha akasukuma pumzi mara tatu, akakohoa, akatema. Bibi akamfuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Kumbe ulikuwa unajua," mzee akasema, na safari hii pumzi ilimtosha kumaliza maneno.

Sisi wanaume kujificha huko tunakuita stara. Wake zetu nadhani wana jina lingine, ila kwa adabu hawalitamki.