Mtu wa Kwetu Redioni

Secondo Gavello alilima zabibu kwenye vilima vya Monferrato, kaskazini mwa Italia, kama baba yake. Vita ya kwanza ya dunia ilimwachia mguu wa kuchechemea na fahari moja: alipigana chini ya Jenerali Badoglio, na Badoglio ni mzaliwa wa kilima cha pili. Kiangazi cha 1943, yule mkuu alipopewa serikali, Secondo alipita kijijini kifua mbele.

"Msalimie waziri mkuu," Pinota, jirani yake mjane, alimtania. "Muulize chumvi itarudi lini dukani."

"Cheka tu. Mtu wa kwetu hadanganyi."

Septemba, Evasio, mwanawe wa pekee, alikuwa nyumbani kwa likizo ya mavuno aliyopewa na jeshi. Jioni moja sauti ya Badoglio ikatoka kwenye redio ya baa: Italia imeacha kupigana na Waingereza na Wamarekani. Kengele zikapigwa, watu wakawasha mioto, hata padri akatoa mvinyo wake.

"Mimi basi, baba," Evasio alisema. "Kambini sirudi."

"Likizo yako inaisha kesho, na kesho utarudi. Utoroke jeshi leo, vita imekwisha? Nenda wakuachie kwa heshima, kama walivyoniachia mimi."

"Na Wajerumani je?" Pinota akauliza. "Tumewaacha vitani peke yao, na wako hapa hapa."

"Badoglio ana mpango. Namjua."

"Unamjua? Si alikupita na farasi, wewe uko matopeni?"

Watu wakaangua kicheko. Delfina, mke wa Secondo, hakucheka. Alitaka kumficha kijana kwenye ghala la mvinyo chini ya nyumba.

"Siku mbili tu, Secondo. Tuone kwanza."

"Mwanangu hajifichi kama panya."

Asubuhi Evasio akavaa sare. Baba yake ndiye aliyemfunga kifungo cha shingoni.

Alipofika Alessandria, mji wenye kambi yake, Wajerumani walikuwa wanaizingira kambi, na askari waliokuwemo hawakuwa na amri yoyote. Badoglio na mfalme walikuwa wameshakimbia Roma alfajiri hiyo. Evasio akapakiwa kwenye behewa la ng'ombe, akapelekwa Ujerumani. Kadi yake moja ilikuja, ikiomba mkate. Haikuja nyingine.

Delfina hakumlaumu mumewe, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimpikia, akamwekea sahani, kisha akaenda kula kwa Pinota. Askari waliotoroka kambi nyingine walipopita wakiomba nguo za kiraia, aliwagawia za Evasio, shati moja moja, bila kumuuliza Secondo.

Vita ilipokwisha kweli, mtu wa mji wa Casale aliyekuwa naye kambini Ujerumani alikuja kuwaambia kwamba Evasio alikufa kwa kifua, majira ya baridi, na alizikwa kaburi moja na wengine wengi.

Badoglio alirudi kuishi kilimani kwake. Jumapili moja Secondo alivaa suti ya kanisani, akachechemea hadi langoni.

"Una shida gani, mzee?" mtumishi akamuuliza.

Njia nzima alikuwa amepanga maneno makali. Sasa kila neno alilolishika lilimgeukia yeye mwenyewe.

"Sina," alisema, akashuka kilima.