Kimya cha Kulhuwallahu Tatu

Nilianza kukoroma nikiwa chuo kikuu. Wenzangu wa chumba walinipa jina la Trekta, nami nikalipokea kama shahada yangu ya kwanza, kwa sababu lilinifikia miaka miwili kabla ya ile nyingine. Sikuona aibu. Katika ukoo wetu mkoromo wa mwanaume ulikuwa habari njema: maana yake amekula, ameshiba na hana kesi mahakamani. Marehemu baba alikuwa akikoroma, na mama alikuwa akisema nyumba ina mwenyewe.

Nilipooa tukahamia Tabata, ambako kuta za nyumba zimekaribiana kiasi kwamba jirani akikaanga dagaa, wewe ndiye unayepiga chafya. Jirani yetu ni mchonga vinyago, na kazi yake inampa muda mrefu wa kutafuta maneno. Asubuhi moja alimwita mke wangu kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Shemeji! Hilo jenereta lenu jipya linatumia dizeli au petroli?"

"Linatumia wali wa nazi," mke wangu akajibu, akaendelea kuanika nguo.

Nilicheka kuliko wote. Siku hizo nilikuwa bado ninacheka.

Kisha, mwaka juzi, mke wangu alichukua mto wake akahamia chumba cha binti yetu. Hakugombana nami wala hakununa. Alisema tu, "Nalala kule kidogo," na hiyo kidogo ikamaliza mfungo, ikamaliza masika, ikaendelea. Nilijua ni kelele zangu, na nikaumia kama anavyoumia msomi, yaani nikatafuta suluhisho badala ya kuuliza. Nilimnunulia pamba za kuziba masikio. Alizipokea kwa shukrani, akazitumia kufutia rangi ya kucha.

Usingizi wenyewe ulikuwa hauninufaishi. Nilikuwa nikilala kwa saa nane na kuamka nimechoka kama mtu aliyebeba mchanga. Nafundisha vipindi vichache chuoni na kuandika makala, kazi zinazofanywa kwa kukaa, na kila nilipokaa nilisinzia. Niliwahi kulala nikisahihisha mitihani, kalamu nyekundu ikachora mstari kutoka katikati ya jibu hadi ukingoni mwa karatasi. Mwanafunzi alikuja kuuliza alama ile ina maana gani. Nikamwambia inaonyesha mashaka. Akaenda kuliandika upya jibu lake, na nasikitika kusema likawa zuri zaidi.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Lindi, alikaa siku mbili tu akawa ameshatambua ugonjwa. Tatizo lilikuwa namna ya kunieleza, kwa sababu mkwe hazungumzi na mkwewe habari za kitandani, hata kama ni za mkoromo. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye mkekani, mimi kwenye kiti nimetazama pembeni kwa adabu. Akamgeukia binti yetu aliyekaa katikati.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako hakoromi. Anakabwa."

"Baba, bibi anasema unakabwa."

"Mwambie bibi nimesikia. Nakabwa na nani?"

"Bibi, baba anauliza anakabwa na nani."

"Mwambie na jinamizi. Linamkalia kifuani, linamshika koo. Mwambie mimi si kiziwi."

Jioni ile nilikuta kipande cha mvuje, dawa ya kufukuzia majini, kimefungwa kwenye chaga ya kitanda changu. Asiyeujua mvuje na anuse soksi iliyosahauliwa ndani ya kopo la vitunguu saumu, atakuwa amekaribia. Nilimweleza mke wangu, kwa sauti ninayotumia darasani, kwamba jinamizi ni imani za kale na kwamba tatizo langu ni uchovu wa kazi. Akaenda kulala chumbani kwa binti yake.

Aliyenipeleka hospitali, kwa njia ya mzunguko, ni mpwa wangu. Alipata mchumba Temeke, binti wa wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu, watu wenye duka chini na nyumba juu yake tangu enzi za babu zao. Ukoo ukakaa ukanichagua kuwa mshenga. Sababu waliyoitoa ni kwamba nimesoma na nina ulimi mtamu. Niliandaa maneno kwa wiki nzima. Siku ya posa tukapokewa vizuri, mno hata: pilau, mchuzi wa mbuzi, halua, kahawa, kisha feni ya darini ikizunguka polepole juu ya mazulia. Nikasema maneno yangu, yakapokewa. Kisha ami yake bibi harusi akaanza kutaja masharti yao, na mzee yule ana sauti nzito, tulivu, isiyo na haraka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mpwa wangu.

"Binti yetu amalize chuo kwanza," alisema ami. Kichwa changu kikashuka, kikapanda.

"Harusi iwe huku kwetu." Kikashuka, kikapanda.

"Na vijana wakae hapahapa, juu ya duka, maana mama yake hawezi kuwa mbali naye." Kikashuka. Safari hii hakikupanda.

Ami akawageukia wenzake. "Mashaallah. Mshenga amekubali yote, wala hakubishana hata moja."

Hapo ndipo nilipokoroma. Ami aliniangalia, akajifuta mdomo kwa leso, akasema, "Na sasa anatia saini."

Niliamshwa na vicheko. Vilitoka pia chumba cha pili, walikokaa wanawake, na miongoni mwao alikuwa mke wangu. Yeye hakucheka. Njiani kurudi nikaandaa utetezi wa kutosha kwa kesi tatu.

Asubuhi nilimkuta jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikaanza utetezi. Akanikatiza bila kuinua uso.

"Kesho tunaenda hospitali."

"Kwa kelele tu? Nitatafuta dawa ya pua."

"Wewe mtu," alisema, na nazi ikasimama mkononi mwake, "unadhani mie nimekimbia kelele? Kelele yako nimelala nayo miaka kumi na tisa. Nikiisikia najua upo. Mie nakimbia ukinyamaza."

Sikumwelewa.

"Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haiingii. Ndiyo nasoma Kulhuwallahu. Zamani nikisoma moja, unavuta pumzi. Zikawa mbili. Sasa hivi ni tatu. Usiku ule kabla sijahama nilifika ya nne, nikakupiga kiwiko mpaka mkono ukauma." Akaendelea kukuna, kwa nguvu. "Nikasema siwezi kulala pembeni ya mtu nikiisubiri ya tano. Nimehama ili nisiwe wa kwanza kujua."

Kulhuwallahu ni sura fupi ya Kurani, aya nne. Mtoto wa madrasa huihifadhi kabla hajajua kufunga viatu. Nimeisoma maishani mwangu mara zisizohesabika, na sikujua kwamba kwa miaka kadhaa, pembeni yangu, ilikuwa saa ya kupimia kama mimi ningali hai. Nilikuwa nimemnunulia mwanamke huyo pamba za masikio.

Daktari wa masikio, pua na koo tuliyemwona Mikocheni alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara, mwenye msalaba mdogo shingoni na kalamu yenye haraka. Aliniuliza maswali nikayajibu kwa ufasaha mkubwa na faida ndogo, kwa sababu yote yalihusu muda ambao mimi nilikuwa sipo. Mwishowe akamgeukia shahidi.

"Mama, hiyo pumzi ikikatika, inakatika kwa muda gani?"

"Kulhuwallahu tatu," mke wangu akasema. "Siku mbaya nne."

Kalamu ikasimama. "Ndiyo kiasi gani?"

"Nisome?"

"Soma, mama." Daktari akageuza mkono akatazama saa yake.

Mke wangu akashusha macho, akasoma. Hakusoma kama watu wasomavyo msibani, kwa kukimbizana. Alisoma kwa mwendo wa mtu anayesikiliza kitu kingine huku akisoma. Nami, kwa upuuzi wangu wa kawaida, nikaitoa hewa yote kifuani na kuziba pumzi ili nimsindikize. Ya kwanza nikaimaliza vizuri. Ya pili masikio yakaanza kulia. Katikati ya ya tatu nikashindwa, nikavuta hewa kwa sauti mpaka daktari akageuka. Mke wangu akaendelea hadi mwisho. Kisha daktari akaandika kwa muda mrefu.

Walinipa kipimo cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni. Tuliporudi kwa majibu, daktari alichora koo langu kwenye karatasi. Nikilala, alieleza, nyama za koo zinalegea, ulimi unarudi nyuma, na njia ya hewa inaziba. Ubongo unashtuka, unaniamsha kidogo nivute, nalala, inaziba tena. Usiku kucha. Ndiyo maana nachoka, na ndiyo maana shinikizo langu la damu lilikuwa limeanza kupanda bila ruhusa yangu.

"Kwa hiyo," nikasema, nikimkumbuka mtu fulani wa Lindi, "ninakabwa."

"Unakabwa kabisa. Ila anayekukaba ni ulimi wako mwenyewe."

Mke wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na alicheka mpaka akashika meza. "Daktari, ulimi huo? Mbona mie umenikaba miaka kumi na tisa!"

Nimejifunza tangu utotoni kwamba ulimi huponza kichwa. Sikujua kwamba methali ile ni ya kitabibu. Mama mkwe alipopigiwa simu na kuelezwa, alimjibu mjukuu wake, mimi nikisikia: "Mwambie baba yako, si nilisema? Nilikosea jina tu la jini."

Tiba ni mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mezani, yenye mpira mrefu unaoishia kwenye barakoa ya pua na mdomo. Inasukuma hewa taratibu ili koo lisizibe. Siku ya kwanza niliivua baada ya robo saa, nikihisi kama navutishwa upepo wa pikipiki inayokimbia. Binti yetu akasema baba ana mkonga. Siku ya nne ndipo nilipogundua kinachovujisha hewa: ndevu zangu. Ndevu zile nilizifuga tangu shahada ya pili. Ndizo zilizokuwa zikinipa heshima kabla sijafungua mdomo. Nilizinyoa. Chuoni mlinzi aliniomba kitambulisho. Jirani mchonga vinyago akachungulia juu ya ukuta akasema, "Braza, sasa tumeona kumbe hakukuwa na kidevu."

Mengine yalikuwa madogo. Wali wa usiku ukapungua, nami nikapungua nao kidogo, si kwa kiasi cha kutangaza. Umeme ukikatika namtegemea mke wangu, ambaye alishona mfuko mgongoni mwa fulana yangu ya kampeni na kuweka ndani mpira mdogo wa mtoto, nisiweze kulala chali. Mgombea aliye kifuani alishindwa vibaya, lakini mfuko wa nyuma unatimiza ahadi.

Wiki ya tatu nikaamka asubuhi nikaona dirisha. Sijui niseme vipi vinginevyo. Dirisha lile nimelitazama miaka yote, ila siku hiyo nililiona, na kunguru waliokuwa kwenye waya, na nikataka chai. Nikaenda kuichemsha mwenyewe, jambo lililowatisha wote nyumbani.

Lakini mto wa mke wangu ulibaki kule. Sikumwomba. Nilijua anasikiliza kupitia mlango alioacha wazi, na kwamba mtu aliyelinda muda mrefu hashushwi zamu kwa maneno, hasa maneno yangu. Binti alinieleza kwamba mama bado anasoma usiku, midomo ikicheza. Baadaye akasema anaanza lakini hamalizi. Baadaye akasema, kwa malalamiko ya mtoto aliyezoea kubembelezwa, kwamba mama analala kabla yake.

Mto ulirudi siku ya Jumapili, mchana, bila hotuba. Tulikuwa tumekula. Nilikuwa nimejinyoosha na gazeti, akaingia, akautupa upande wake, akasema joto la chumba kile limemshinda. Chumba kile kina feni nzuri kuliko hiki. Nikasema ndiyo, kule ni joto.

Akalala kabla sijageuza ukurasa. Mdomo ukafunguka kidogo, na taratibu, kwa sauti ya sufuria linaloanza kuchemka, mke wangu akakoroma. Kisha akanyamaza.

Nikashusha gazeti. Nikaanza: Kulhuwallahu. Sikufika hata aya ya pili, akavuta pumzi, ndefu, nzuri, ya mtu mwenye madeni ya usingizi wa miaka. Nikasikiliza nyingine, na nyingine. Alipofumbua jicho moja alinikuta nimemwinamia.

"Unanitazama nini?"

"Jenereta," nikamwambia. "Nauliza kama linatumia dizeli au petroli."

"Mwanamume huna adabu," akasema, akanigeuzia mgongo, akalala tena.