Kiti cha Papa Wilondja Kilivyookoka

Mpaka leo nikilazimika kupita karibu na uwanja wa mpira hapa Baraka navuta kofia hadi puani, kwa sababu kuna watu pale wanaoamini kwamba mimi ni muujiza, na wengine wanaoamini kwamba mimi ni mwizi, na ubaya ni kwamba wote wana ushahidi.

Nilikuwa nimevunjika mguu kwenye pikipiki nikitoka Misisi, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunitunza, nikapewa kitanda katika nyumba ya walemavu, chumba kimoja na Papa Wilondja, fundi viatu asiyetembea tangu utoto, mwenye kiti cha magurudumu ambacho binti yake alikishonea mto wa kitenge chekundu. Nyumba ile ilikuwa na sheria: kila mtu na kifaa chake, mwenye magongo hakalii kiti cha mwingine, na kiti hakipiti geti bila mwenyewe. Mimi (mwenye shahada ya sosholojia kutoka Bukavu, mnanijua) nikamuuliza msimamizi wetu, Mama Neema, sheria hiyo imesimama juu ya hoja gani.

"Imesimama juu yangu," akasema. "Na mi sitembei na magongo."

Jumapili moja alasiri Papa Wilondja alikuwa amelala, Mama Neema ametoka, makwapa yangu yamechubuka kwa magongo, na simu imezimika. Nikajiuliza, kiti kilichokaa bure kinamfaa nani? Nikakikalia, magongo nikayaacha ukutani, nikajisukuma kwenda kibanda cha kuchajia simu, ng'ambo ya uwanja.

Uwanjani kulikuwa na maombi ya hadhara, na spika kubwa kama kabati. Magurudumu yakazama mchangani. Vijana wawili wenye roho nzuri (roho nzuri ndiyo iliyoniponza) wakanishika kwa nyuma.

"Mupishe mugonjwa!"

"Jamani, mi natafuta chaji!"

"Utaipata kwa Bwana, ndugu!"

Nikafikishwa mbele kabisa. Na hapo, badala ya kutulia, nikasimama. Daktari alikuwa ameshaniruhusu kukanyagia mguu kidogo kidogo, nami nilitaka tu kugeuka nijieleze, lakini uwanja mzima ukalipuka, vilemba vikapepea, ngoma zikalia, mama mmoja akanikumbatia na kunimwagia machozi shingoni, na nilipotafuta kiti nikakiona kinapita juu ya vichwa vya watu kuelekea jukwaani, mto mwekundu na yote.

Mchungaji akanipa kipaza sauti. Nikafurahi. Nikasema nitawaeleza kwa hoja.

"Mi si mulemavu!"

"Amina! Anakatala bulemavu!"

"Na hii kiti si yangu!"

"Amina! Haiko yake tena!"

"Naomba munirudishie kiti!"

Mchungaji akanishika kichwa kwa mikono miwili, kwa huruma kabisa. "Shetani anamuita arudi ku kiti. Bapendwa, tuombe kwa nguvu!"

Waliniombea mpaka nikaona heri niondoke bila kiti.

Nilirudi nachechemea, nyuma yangu akina mama wawili wananiimbia. Papa Wilondja alikuwa ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, anataka choo.

"Asukulu, kiti yangu iko wapi?"

"Papa… iko ku maombi."

Akanitazama. "Iliokoka lini? Mi nabaki hapa na mukojo, yenyewe inaenda kuimba?"

Nilitaka kumbeba, akakataa. Mama Neema akaingia, akaelewa, akamletea ndoo, nami nikageukia ukuta. Bila kiti kile mzee hakuwa na choo, hakuwa na meza yake ya viatu sokoni, hakuwa hata na mlango.

Tukaita pikipiki mbili. Tulipofika, watu wakamwona Papa na miguu yake inaning'inia, wakapiga kelele, "Mwingine! Mwingine!" na mikono ikaanza kumshusha. Akainua kiganja.

"Hapana, bapendwa. Leo sikuje kupona. Nilikuja ku kiti. Siku ya kupona, nitakuja nayo mwenyewe."

Mchungaji akakitazama kiti, kisha akanigeukia. "Kijana, hii kiti ni ya nani?"

Nilikuwa na hoja, hata mbili tatu, lakini wote walikuwa wanaitazama ile miguu.

"Ni yake. Niliichukua akiwa amelala."

Mchungaji akapumua ndani ya kipaza sauti. "Bapendwa, tumuombee mwizi."

Na wakaniombea, ndugu zangu, kwa nguvu zilezile, na yule mama wa machozi akaja tena, safari hii akanifinya sikio.

Papa Wilondja alikalishwa kitini, akajisukuma mwenyewe kutoka uwanjani, watu wanampisha. Nilipojaribu kumsaidia, alinipiga vidoleni. Nyumbani Mama Neema akayafungia magongo yangu stoo: "Baraka yote inajua ulipona. Wakikuona nayo, batasema tunadanganya." Nikatembea nimeshika kuta, mpaka mguu ukakubali.

Sheria bado nazihoji, hiyo sitaacha. Lakini kiti cha mtu sikikalii tena, hata kiwe kitupu, hata mwenyewe anikaribishe kwa mikono miwili. Nikichoka, nakaa chini.