Basi Dogo Nyuma ya Pikapu

Uwanja wa gereji yetu hapa Kisenyi unameza magari sita, na lango ni moja. Gari lililotangulia kuingia hutoka la mwisho, lisipopangwa vizuri. Kazi ya kupanga ni yangu, kwa chaki na ubao, na naipenda kupita kiasi. Nimelelewa kambini na baba askari. Foleni iliyopinda hunipandisha hasira.

Ndiyo maana Ijumaa ile iliniuma. Alhamisi jioni nilikubali pikapu ilale langoni, kwa sababu fundi wa giaboksi aliapa kwamba asubuhi itatoka. Nyuma yake lilikuwa basi dogo la mama mmoja Mkongo, breki tayari, limeshaoshwa. Kulipokucha pikapu ilikuwa bado juu ya mawe, haina magurudumu, giaboksi imetawanyika chini.

Mama alifika karibu saa saba na riboni za kupambia gari, akauliza mbona lango limezibwa. Nilikuwa bado natafuta uongo wa kumpa, adhana ikaanza. Kila Ijumaa msikiti hufurika, na watu hutandika mikeka kuanzia langoni kwetu hadi barabarani. Hata ningepata wa kuihamisha pikapu, wangeipeleka wapi? Mafundi wenyewe walikuwa safuni.

Nikamwambia kosa ni langu. Hakugomba. Aliketi kando yangu, riboni mapajani.

"Mutoto yangu anaolewa saa munane na nusu, kule Kansanga," alisema polepole. "Miye niliolewa na miguu, tulikuwa tunakimbia vita. Huyu nilitaka apande gari."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sala ilipoisha nilimwendea fundi wa giaboksi nikamweleza. Akawaambia wa safu yake, nao wakawaambia wa nyuma. Mikeka ikakunjwa. Wanaume zaidi ya ishirini waliizunguka pikapu, wakaibeba nzimanzima hadi kando ya barabara, kanzu nyeupe zikapata grisi. Mimi niliwahesabia moja, mbili, tatu kwa sauti ya baba yangu, maana kuacha kupanga siwezi.

Basi dogo likatoka saa nane kasorobo. Sikujua kama litawahi, na sikushika chaki tena mchana ule.

Baadaye simu yangu iliita. Alikuwa yule mama. Aliielekeza tu simu kwa watu wake. Nilisikiliza vigelegele mpaka salio lake likaisha.