Tani Saba Nyuma ya Tela

Luseno alichora maandishi kwenye malori huko Kariobangi: jina la mwenyewe, uzito wa gari likiwa tupu, na maneno ya dini nyuma. Mwaka wa 1996, Gachanja, tajiri wa malori na mzee wa kanisa, alimletea lori linalovuta tela mbili.

"Fundi, kila tela tupu ina tani saba. Andika tano," alisema. "Wakaguzi wakisoma uzito mdogo, wataniruhusu nipakie zaidi. Na nyuma kabisa andika Mungu Yu Nasi."

Luseno alimwangalia dereva, Shitanda, jirani yake wa ploti moja. Yeye ndiye angeteremka mlimani huku mzigo huo wote ukimsukuma mgongoni. Shitanda akainamisha kichwa.

Luseno alichovya brashi, akaandika kwa hasira mpaka rangi ikamchuruzika kwenye kiwiko. Gachanja alipozunguka nyuma alilikuta jina la Mungu, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: TANI SABA.

"Futa huo upuzi," akafoka.

Luseno akamrushia kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Futa mwenyewe, Mzee. Lakini anza na hayo ya juu."